Bwana Kufuli Hafungui Boksi Jipya

Mdogo wangu kazini wanamwita Bwana Kufuli, na jina hilo hakuliokota njiani. Ni mtunza stoo katika kiwanda cha rangi za nyumba, huu mwaka wa kumi na tisa, na hakuna kopo linalotoka pale kabla hajaligeuza na kusoma tarehe iliyopigwa kitakoni. La zamani linatoka kwanza. Jipya halifunguliwi mpaka la zamani liishe. Nenda na karatasi ya meneja, nenda na meneja mwenyewe, utaambiwa hivyo hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo ukutani. Mimi dada yake mkubwa, tumbo moja, niliwahi kumwomba brashi kuukuu ya kupakia mlango wangu rangi. Alinipa fomu nijaze.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani ni mjinga. Si mjinga hata kidogo. Kilichotaka kumuua ni akili yake hiyo hiyo ya kazini.

Ana pumu tangu utotoni. Mwaka huu ilimbana pale pale stoo, asubuhi, akabebwa na vijana wa kupakia mizigo mpaka hospitali, akalazwa siku tatu. Alipotoka daktari aliniita pembeni, akanionyesha pampu mbili. Hii ya kahawia ni ya kila siku, asubuhi na jioni, hata akijisikia mzima. Hii ya bluu ni ya kubanwa. Kisha akasema wiki mbili za mwanzo asiachwe peke yake. Alisema taratibu, kwa upole, na upole wake ndio ulionitia hofu. Daktari akikufokea ujue mambo si mabaya sana.

Basi nikawaachia vijana wale wa stoo wamwangalie siku moja, nikaenda kufunga kibanda changu cha kushonea, nikabandika karatasi mlangoni kwamba fundi amepata dharura, nikapanda basi kurudi kwake, saa nne nzima na cherehani ya mkono mapajani. Mdogo wangu anaishi peke yake katika vyumba viwili. Wifi aliondoka zamani, na habari zake si za leo.

Wiki ile ya kwanza sikushona chochote cha maana. Nilikuwa nakata kitambaa huku sikio liko kifuani kwake. Akikohoa, natupa kazi. Akinyamaza, naona kanyamaza mno. Akienda chooni nasimama mlangoni nikijifanya napanga viatu. Nilikuwa na roho mkononi kutwa nzima, na mtu mwenye hofu ana mdomo mrefu, kwa hiyo nilimgombeza kwa kila kitu, kwa kukaa karibu na dirisha na kwa kukaa mbali na dirisha.

Siku ya tatu akaweka chini kikombe chake.

"Dada, unanitazama kama maziwa yaliyo jikoni."

"Kwani huchemki?"

"Sichemki. Njoo ukae hapa, nikupe kitu cha kutazama."

Akafunua kitambaa juu ya meza ya TV. Chini yake kulikuwa na mashine yake ya gemu, ile aliyoinunua kwa mshahara wake wa kwanza, plastiki yake imeshageuka rangi ya chai. Gemu alilokuwa nalo ni moja tu, la zamani, picha zake za vipande vipande kama shuka la mraba mraba. Si la kupiga mpira wala la magari. Ni la safari. Unapewa mtu mmoja mnyonge kijijini, na dunia inataka kuokolewa, na mwokoaji ni wewe.

"Nikwambie kabla hujaanza," akasema, akanipa pedi ya kushika kwa mikono miwili. "Kila ukiona jiwe la bluu, seivu, ili mchezo uhifadhi ulipofika. Usitegemee haraka. Mambo yanakwenda kwa zamu. Wewe unachagua la kufanya, unapiga, halafu unatulia upigwe. Zungumza na kila mtu, hata yule anayerudia neno moja. Ingia kila nyumba. Na utakufa sana, dada. Usiogope kufa."

"Neno hilo usilitaje humu ndani."

"Ni la kwenye gemu."

"Hata la kwenye gemu."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, nami nikasimama. Akanionyesha kwa kidole nikae.

Nyumba ya kwanza nilikataa kuingia. Mlango uko wazi, mwenye nyumba amesimama ndani, na mdogo wangu ananiambia pita, fungua mitungi, fungua kabati, ukikuta kitu chukua. Bila hodi. Nikamwuliza amelelewa na nani. Akasema ndivyo wanavyoishi huko, hawakasiriki. Nikaingia nikasema hodi kwa mdomo wangu mwenyewe, mtu mzima mimi, nikiiambia TV, na nikachukua vichupa viwili vya dawa kwenye mtungi wa watu. Niliona aibu kweli.

Lakini kijijini ndiko kwenye amani. Ukitoka nje ya uzio unatembea porini, hatua moja, mbili, tano, hakuna kitu, halafu ghafla picha inatetemeka, muziki unabadilika, na dudu limesimama mbele yako. Hukuliona likija. Hakuna alama. Inaweza kuwa hatua ya tatu, inaweza kuwa ya thelathini. Nilikuwa nasonga huku mabega yamepanda mpaka masikioni, kijasho chembamba kinanitoka, na kila hatua isiyokuwa na kitu ilinitisha kuliko ile yenye kitu. Ilikuwa kama kukaa na mdogo wangu.

Mara ya kwanza nilipouawa ilikuwa ndani ya pango. Nilikuwa nimefikisha watu wanne katika msafara wangu, mwenye upanga, mwenye upinde, mganga na mzee mmoja wa uchawi, nimewalea saa nzima na nusu wakapanda levo, ngazi za nguvu, wakalala chali wote kwa popo watatu. Na kwa kuwa sikuwa nimeseivu, mchezo ukanirudisha kule kule kijijini, mikono mitupu. Niliiangusha pedi kwenye kiti.

"Kazi yote ile?"

"Nilikwambia useivu kila ukiona jiwe la bluu."

"Uliniambia mambo ishirini."

"Hilo lilikuwa la kwanza," akasema Bwana Kufuli, bila huruma.

Siku za mbele tulikuwa tunapokezana. Mimi na msafara wangu mchanga, yeye na wake, ambao alikuwa ameulea miaka mingi. Siku moja nikiwa na pedi yake nikafungua begi lake nione ana nini. Vichupa vya dawa tisini na tisa. Kila aina, tisini na tisa. Mchezo wenyewe hauruhusu zaidi ya hapo. Na mwenye upanga wake alikuwa na uhai wa kuokoteza, amebakiwa na tone, anachechemea katika theluji.

"Mbona humpi dawa?"

"Hizo ni za zimwi la mwisho."

"Umewahi kufika kwa zimwi la mwisho?"

"Mara sita."

"Ukatumia vichupa vingapi?"

Akajikuna kidevu. "Vilibaki."

"Vilibaki vingapi?"

"Dada, cheza."

Nikamwita mkono wa birika, tukacheka sana siku ile. Nilicheka mimi. Kila nikikumbuka kicheko kile naona haya, maana jibu lilikuwa limekaa mbele yangu kwenye kioo cha TV, nami nikalifanyia mzaha.

Kesho yake nikafungua droo ya kabati lake kutafuta sindano ya mkono. Nikakuta boksi za pampu. Za bluu nne, za kahawia mbili, zimepangwa mstari mmoja, tarehe zimeandikwa ubavuni kwa kalamu nene, ya zamani mbele, mpya nyuma. Hakuna hata moja iliyofunguliwa. Nikashusha pumzi. Nikajiambia, angalau huyu mtu amejiandaa, dawa zimejaa nyumbani. Nikafunga droo taratibu, nikarudi kushona, na siku ile ndiyo siku pekee niliyoshona gauni zima. Sikujiuliza swali ambalo hata mtoto angejiuliza. Ikiwa ya kahawia ni ya kila siku, na boksi zote mbili zimefungwa, anavuta nini kila siku?

Nilikuwa namwona asubuhi akigeukia ukuta na kuweka kitu mdomoni. Nilikuwa nasikia pssh. Nikatosheka na pssh.

Ilikuwa siku ya kumi, saa tisa alasiri. Jirani wa upande wa pili, dereva wa teksi, alikuwa amechoma takataka uani kwake, na upepo ukaleta moshi wote kwetu. Nilikimbia kufunga madirisha. Niliporudi sebuleni, mdogo wangu alikuwa ameinama mbele, viganja viko juu ya magoti, na kifua kinapiga filimbi. Nje ya hiyo filimbi hakutoa sauti nyingine. Gemu lilikuwa linaendelea na muziki wake wa kijijini.

Akatoa pampu ya bluu mfukoni. Akavuta. Pssh. Akangoja. Akavuta tena. Nikampangusa jasho, nikamwambia taratibu, taratibu. Mara ya tatu. Ya nne. Ya sita. Hakuna kilichobadilika. Mashimo ya shingoni yalikuwa yanazama kila akivuta hewa. Alitaka kusema kitu akaweza nusu ya neno.

Nikaichukua ile pampu mkononi mwake ili nimsaidie kuibonyeza. Ilikuwa nyepesi. Nikaitikisa karibu na sikio, hakikucheza chochote ndani. Nikabonyeza hewani, ikasema pssh vizuri kabisa, na mbele ya dirisha, kwenye mwanga, sikuona hata chembe ya dawa ikitoka. Ilikuwa hewa. Nilipogeuza kichupa chake cha chuma nikaona tarehe aliyoiandika mwenyewe. Ilifunguliwa miezi kumi na mmoja iliyopita. Mdogo wangu alikuwa anavuta sauti.

Sikumbuki nimefikaje kwenye droo, ila nakumbuka alinifuata kwa magoti, mtu asiyeweza kupumua, akanishika gauni kwa nyuma. Nikageuka. Macho yamemtoka.

"Ile… bado…" akasema. Akavuta hewa. "Bado ina…"

Alikuwa ananizuia. Midomo inabadilika rangi, na bado anakataa boksi jipya lisifunguliwe. Nilimpiga mkono. Sijawahi kumpiga tangu tuko wadogo, na nilimpiga kwa nguvu zangu zote. Nikararua boksi la bluu kwa meno, nikabonyeza moja hewani, ukungu mweupe ukatoka.

Hospitalini nesi alinifundisha kutumia chupa ya maji ya plastiki, unatoboa kitako chake sawasawa na mdomo wa pampu, mgonjwa anashika mdomo wa chupa kwa meno, unapuliza ndani, anavuta hewa ile mara nne. Niliona upuuzi wakati ule, lakini nilikuwa nimeitengeneza, ipo juu ya friji. Nikamkalisha wima. Mpulizo mmoja, vuta mara nne. Mwingine, mara nne. Katikati nikafungua dirisha nililolifunga, nikamwita yule jirani kwa sauti ambayo sikujua ninayo, kwamba aache moto wake na alete gari mlangoni sasa hivi. Akaja mbio na fulana, viganja vina majivu. Hakuuliza chochote.

Kwenye gari nilikuwa nambonyezea huku nikisali kimoyomoyo, na niliogopa hata kuhesabu, maana nilihisi nikihesabu nitafika idadi ambayo ndiyo ya mwisho. Kwenye mpulizo ambao sijui ni wa ngapi, akakohoa. Kikohozi chenye maji, kibaya, kinene. Sijawahi kusikia sauti nzuri hivyo.

Walimweka kwenye mashine ya mvuke. Jioni jua likiwa bado halijazama akawa anaweza kusema sentensi nzima, akisimama kidogo katikati. Daktari, yule yule mpole, akamwuliza ya kahawia anatumiaje. Akamwuliza tena.

"Nilikuwa sijabanwa," akasema mdogo wangu.

"Ndiyo unayotumia usibanwe."

"Nilikuwa naitunza."

Daktari akanitazama. Nami nikatazama sakafu, maana niliishi naye siku kumi, nikalala chini ya paa moja na boksi zile, nikatosheka na kusikia pssh.

Tulipobaki wawili nikampa za uso. Nikamwambia stoo yake ni ya makopo, kifua si stoo. Nikamwambia anataka nani azikute boksi hizo, mimi, siku ya msiba? Nizigawe kwa waombolezaji? Nilikuwa nalia huku nafoka, na nesi akapita akajifanya haoni. Mdogo wangu aliniacha nimalize. Halafu akasema, akitazama dari:

"Siku ya mama wewe hukuwepo."

Kweli sikuwepo. Nilikuwa nimeolewa mji mwingine. Nilijua mama alikufa kwa pumu, mchana, yeye akiwa na miaka kumi na miwili. Nilijua hilo tu.

"Alinituma pampu kabatini," akasema. "Nilifungua kabati, hakukuwa na kitu. Nikafungua tena. Nikafungua na jikoni. Nilikuwa nafungua kila kitu, dada, nikirudi ananionyesha kwa mkono niende tena." Akapumzika kidogo. "Zikiwa nne, najua ziko nne. Nikifungua moja, zinakuwa tatu."

Kwa mdomo wangu wote ule, nikamwambia tu nimeogopa sana leo. Akasema yeye anaogopa kila siku.

Tulirudi nyumbani baada ya siku mbili. Nikaweka boksi la kahawia mezani mbele yake na sikuligusa. Nilitaka alifungue mwenyewe. Alilitazama muda mrefu kama mtu aliyeambiwa asaini karatasi asiyoijua. Akapasua kifuniko upande mmoja tu, akatoa pampu, akaandika tarehe ya siku ile. Akavuta, akafunga mdomo, na mimi nikamhesabia kama daktari alivyosema, moja mpaka kumi, ndipo akaachia hewa. Alitazama boksi tupu, hakulitupa. Nami sikumwambia alitupe.

Nilikaa wiki tatu badala ya mbili. Wateja walinipigia simu mpaka wakachoka, mmoja akamwoza binti yake kwa gauni la fundi mwingine. Siku ya kuondoka tulipatana jambo moja. Kila siku saa moja asubuhi ananipigia simu. Hasemi salamu. Nasikia anatikisa pampu, inagonga gonga, ina kitu ndani. Nasikia pssh. Nahesabu mpaka kumi kwa sauti, anatoa pumzi, ndipo tunaulizana habari za asubuhi, ameamkaje, amefika wapi na zimwi lake. Mimi najifanya sina wasiwasi. Yeye anajifanya ananiamini.

Sasa ni mwezi wa tano tangu niondoke. Hajakosa hata siku moja, na mimi kila siku saa moja kasoro dakika kumi nimeshakaa kitandani na simu mkononi. Sijamwambia.

Jana saa moja ikafika, simu kimya. Saa moja na dakika tano, kimya. Nikapiga mimi, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Na tena. Ilipofika saa moja na dakika kumi na sita nilikuwa kituo cha basi, kandambili miguuni, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni, sina hata mkoba, namwuliza kondakta basi linaondoka sasa au mpaka lijae. Simu ikaita.

"Dada, samahani. Nilipitiwa na usingizi tu."

Nilikaa chini pale pale, ukingoni mwa barabara, watu wakinipita. Nikasikia anaitikisa. Nikamtukana kwanza, halafu nikamhesabia.